Pansi

Pansi (jina la kisayansi: Viola × wittrockiana) ni mmea mdogo wa maua wa jenasi Viola katika familia Violaceae. Ni mmea chotara uliopatikana nchini Uingereza katika karne ya 19 kwa kuchanganya spishi kadhaa za porini za Ulaya na Asia. Hupandwa katika bustani za nyumbani, kandokando ya njia, katika vyungu na katika masanduku ya madirishani kwa ajili ya maua yake makubwa ya rangi nyingi. Mara nyingi maua hayo huwa na madoa meusi katikati, na madoa hayo hulifanya ua lionekane kama uso wa mtu au wa paka.

Pansi ni mmea wa hali ya hewa ya baridi. Huvumilia jalidi na hata kufunikwa na theluji, lakini hudhoofika upesi penye joto. Jambo hilo moja ndilo linaloamua karibu kila kitu katika ukuzaji wake: mahali pa kuipanda, wakati wa kusia mbegu, aina ya chungu na muda ambao maua yatadumu. Anayeshindwa na pansi mara nyingi hudhani kwamba amekosea mbolea au maji, kumbe amekosea majira.

Jina

Jina pansi limefika katika Kiswahili kupitia Kiingereza, nacho Kiingereza kililichukua katika Kifaransa. Asili yake ni neno pensée, lenye maana ya fikra au wazo. Inasemekana ua liliitwa hivyo kwa sababu huinama kidogo mbele kama mtu aliyezama katika mawazo. Lisichanganywe na panzi, ambaye ni mdudu. Tena panzi mwenyewe hayaachi majani ya pansi akiyafikia.

Wajerumani huliita ua hili Stiefmütterchen, yaani "mama wa kambo mdogo", na maelezo ya jina hilo ni somo zuri la botania. Ukiligeuza ua na kulitazama kwa nyuma utaona sepali tano za kijani, ambazo katika simulizi ni viti. Petali ya chini, pana na yenye mapambo mengi kuliko zote, ni mama wa kambo, naye amekalia viti viwili peke yake. Petali mbili za pembeni ni binti zake wa kuzaa, kila mmoja ana kiti chake. Petali mbili za juu, ambazo mara nyingi hazina mapambo, ni watoto wa kambo, na wote wawili wanabanana kwenye kiti kimoja. Mwanafunzi aliyewahi kuhesabu viti hivyo kwenye ua halisi hasahau tena mpangilio wa sepali na petali za jenasi Viola.

Pansi haina undugu wa karibu na ua la milima ya Usambara, Saintpaulia, ambalo lugha kadhaa za Ulaya huliita "urujuani wa Afrika". Lile ni la familia Gesneriaceae, hupenda kivuli na joto la wastani, na likitunzwa kama pansi litakufa. Ndugu wa kweli wa pansi katika Afrika ya Mashariki ni Viola abyssinica, mmea mdogo unaotambaa kwenye misitu na nyasi zenye unyevunyevu za milima mirefu. Maua yake ni madogo sana, nao wapitaji wengi huukanyaga bila kuuona.

Maelezo

Pansi hufikia kimo cha sentimita 15 hadi 25. Kwa asili huishi miaka miwili au zaidi kidogo, lakini bustanini karibu kila mahali hupandwa kwa msimu mmoja, kisha hung'olewa. Shina ni laini na huelekea kulala chini likizeeka. Majani hupishana, moja upande huu na jingine upande ule. Ya chini yana umbo la yai au la moyo, ya juu ni membamba zaidi, na kingo zake zina meno butu. Kwenye kitako cha kila jani kuna stipuli mbili kubwa zilizochanika kama vijani vya ziada. Kwa stipuli hizo mmea wa kundi la pansi hutambulika hata kabla haujatoa ua.

Kila ua lina kikonyo chake kirefu kinachotoka katika kwapa la jani. Upana wa ua kwa kawaida ni sentimita 5 hadi 8, na katika aina chache hufika 10. Petali ya chini hurefuka kwa nyuma na kufanya kifuko kifupi, kama ncha ya kidole cha glavu, ambamo mbochi hukusanyika. Nyuki hutua juu ya petali hiyo na kufuata mistari myeusi inayoelekea katikati, kisha husukuma ulimi wake hadi kwenye kifuko. Hapo hupita chini ya stigma, naye huiachia chavua aliyoibeba kutoka ua jingine.

Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi, aliitaja Viola tricolor, mzazi mkuu wa pansi. Alisema kwamba nchini Uingereza ua hilo huwategemea nyuki wakubwa wenye manyoya wa jenasi Bombus. Panya wa mashambani huharibu viota vya nyuki hao, na paka hula panya. Kwa hiyo Darwin aliona kwamba wingi wa paka katika wilaya unaweza kuamua wingi wa maua fulani. Nyuki wa jenasi Bombus hawapo kiasili katika Afrika kusini mwa Sahara, na huku ua la pansi hutembelewa na wadudu wengine tu.

Asili na historia

Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 pansi kubwa haikuwapo. Ilikuwapo Viola tricolor ya mashamba ya Ulaya, yenye maua yasiyozidi ukucha wa kidole gumba, ya rangi ya zambarau, njano na nyeupe. Watu waliitumia kama dawa ya mitishamba, na washairi waliihusisha na mapenzi. Katika tamthilia ya Shakespeare ya ndoto ya usiku wa kiangazi, maji ya ua hili hutiwa machoni mwa watu waliolala ili wampende wa kwanza watakayemwona waamkapo.

Katika miaka ya 1810, bustani mbili za watu wa tabaka la juu kusini mwa Uingereza zilianza kazi ileile kila moja kivyake. Huko Walton-on-Thames, Lady Mary Bennet, binti wa Earl wa Tankerville, alikusanya aina zote za Viola tricolor alizoweza kupata akazipanda pamoja. Huko Iver, mtunza bustani William Thompson alifanya vivyo hivyo kwa ajili ya bwana wake, Lord Gambier, aliyekuwa afisa mkuu wa jeshi la majini. Spishi nyingine ziliingizwa katika mchanganyiko huo. Mojawapo ni Viola lutea ya milimani, yenye maua ya njano, na nyingine ni Viola altaica kutoka upande wa milima ya Altai huko Asia. Vitabu vya zamani hutanguliza majina ya mabwana, lakini waliopiga magoti kuchagua miche mmojammoja mwaka hadi mwaka walikuwa watunza bustani.

Uso wa pansi ulipatikana kwa bahati. Maua ya mwanzo yalikuwa na mistari myembamba tu ya kumwelekeza nyuki. Mwishoni mwa miaka ya 1830 Thompson aliona kati ya miche yake ua ambalo mistari hiyo ilikuwa imeungana na kuwa doa pana jeusi. Alilikuza, akalizalisha, na kutokana nalo zikatoka pansi zenye nyuso ambazo leo ndizo zinazojulikana zaidi.

Kisha likaja vuguvugu la mashindano. Vyama vya wapenda maua viliweka kanuni kali: ua lazima liwe duara kamili, petali ziwe nene na laini, mipaka ya rangi iwe safi. Matokeo yalikuwa maua mazuri juu ya mimea dhaifu. Ilibidi wataalamu wa Scotland, miongoni mwao James Grieve wa Edinburgh, waanze kuchanganya pansi na spishi imara za milimani, hasa Viola cornuta ya milima ya Pirenei, ili kurudisha nguvu iliyopotea. Uzao wa kazi hiyo huitwa viola za bustani: maua yake ni madogo kuliko ya pansi, lakini ni mengi zaidi na mmea huishi miaka mingi zaidi. Jina la kisayansi la pansi humkumbuka mtaalamu wa botania wa Uswidi, Veit Brecher Wittrock (1839–1914), ambaye katika miaka ya 1890 alichunguza kwa kina historia ya mmea huu.

Joto na majira

Wazazi wote wa pansi ni mimea ya nchi zenye majira ya baridi au ya milimani, na mtoto amerithi tabia yao. Hukua vizuri zaidi mchana ukiwa na nyuzijoto 15 hadi 20 za Selsiasi na usiku ukiwa na 5 hadi 12. Mchana ukipita 25 kwa siku nyingi mfululizo, vikonyo hurefuka, maua huwa madogo na rangi hufifia. Likifika 30 mmea karibu huacha kutoa maua. Usiku wenye joto huumiza kuliko mchana wenye joto, kwa sababu mmea hutumia usiku, kwa kupumua, sukari uliyoitengeneza mchana, na matumizi hayo huongezeka kadiri usiku unavyokuwa wa joto. Mmea unaotumia usiku kila ulichopata mchana haubakiwi na kitu cha kujengea maua.

Baridi, kwa upande mwingine, haiuui kirahisi. Asubuhi ya jalidi pansi hulala chini kama iliyomwagiwa maji ya moto, na anayeiona mara ya kwanza hudhani imekufa. Jua likipanda, majani hunyooka tena.

Kwa sababu hiyo kila nchi huipa pansi majira yake. Nchini Uingereza mbegu husiwa kati ya Juni na Agosti, miche huhamishwa bustanini Septemba au Oktoba, na maua huonekana vuli, kidogo wakati wa baridi, na kwa wingi majira ya kuchipua. Katika majimbo ya kusini ya Marekani hupandwa Oktoba na Novemba, huchanua kipindi chote cha baridi, na Mei au Juni joto huimaliza. Hakuna anayehuzunika huko. Huing'oa na kupanda kitu kingine.

Katika Afrika ya Mashariki maelekezo yaliyochapwa kwenye pakiti za mbegu za kutoka Ulaya hupoteza watu wengi. Pakiti husema "sia Juni", na mkulima wa Nairobi au Njombe hutii. Miche yake hutokea katika miezi ya baridi, wakati ambapo ingekuwa tayari na maua, kisha huanza kuchanua joto linaporudi Oktoba. Maana ya maelekezo yale si mwezi bali mpangilio wa joto: mmea usiwe kwenye kitalu wakati wa baridi, bali uwe umeshakomaa baridi inapofika. Kutoka kusia hadi ua la kwanza ni wiki 12 hadi 16. Kwa hiyo katika nyanda za juu, ambako miezi ya baridi ni Juni hadi Agosti, mbegu husiwa Machi au mwanzoni mwa Aprili.

Ugumu uliopo ni kwamba Machi hadi Mei ni kipindi cha mvua nyingi katika sehemu kubwa ya nyanda hizo, na mvua ni adui wa mche mchanga. Kitalu kinapaswa kuwa chini ya paa. Zaidi ya hayo, miezi ya baridi katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania ni ya kiangazi, hivyo anayepanda Mbeya au Njombe lazima awe na uhakika wa maji ya kumwagilia. Mwenye bustani Nairobi au Limuru hupata mawingu na manyunyu katika miezi hiyo, na kazi yake ni nyepesi zaidi.

Kwa kawaida mahali penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 panafaa kwa msimu mmoja kwa mwaka, na penye zaidi ya mita 2,000 pansi huweza kupandwa karibu mwezi wowote. Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar na miji mingine ya pwani haifai, kwa kuwa hata usiku wa Julai una joto mno. Miche iliyonunuliwa bara ikiwa na maua hudumu huko kwa muda mfupi kama shada, kisha hunyauka. Mkazi wa pwani atafurahia zaidi zinia au Catharanthus roseus, ua la asili ya Madagaska linalopenda jua.

Kusia mbegu

Mbegu za pansi ni ndogo, laini na za rangi ya kahawia. Gramu moja huwa na mamia ya mbegu. Huota vizuri kwenye nyuzijoto 18 hadi 20. Zaidi ya 25 nyingi hukataa kuota, hata kama ni nzima.

Udongo wa kitalu uwe laini, unaopitisha maji na usio na mbolea kali. Mboji iliyochekechwa ikichanganywa na mchanga wa mtoni inatosha. Udongo uliochukuliwa bustanini ni vema umwagiwe maji yanayochemka na kuachwa upoe, ili kupunguza vimelea vya ukungu. Mbegu hutawanywa juu, kisha hufunikwa kwa udongo wa unene wa milimita 3 hadi 5, kwa sababu huota vizuri zaidi gizani. Gunia la mkonge lililoloweshwa na kutandazwa juu ya trei hufanya kazi mbili: huleta giza, na maji yanapokauka kwenye gunia hupooza udongo. Trei ikaguliwe kila siku kuanzia siku ya saba. Mche wa kwanza ukionekana gunia huondolewa siku hiyohiyo. Likicheleweshwa siku mbili tu miche hurefuka, hupauka na kuanguka.

Kuota huchukua siku 10 hadi 14, wakati mwingine wiki tatu. Miche ikiwa na majani mawili halisi, mbali na yale mawili ya mbegu, huhamishiwa kila mmoja kwenye kikopo au mfuko wake. Ishikwe kwa jani, si kwa shina, kwani jani lililoumia huota jingine, bali shina lililobanwa halina badala. Kabla ya kwenda bustanini miche hutolewa nje saa chache kila siku kwa muda wa wiki moja ili izoee jua na upepo.

Mahali, udongo na kupanda

Vitabu vya Ulaya husema pansi ipewe jua kamili. Katika nchi za karibu na ikweta, hasa milimani ambako jua la mchana ni kali ingawa hewa ni baridi, mahali bora ni penye jua la asubuhi na kivuli baada ya saa saba mchana. Upande wa mashariki wa nyumba hufaa sana. Ukuta wa magharibi haufai, wala ukingo wa njia ya lami au ya saruji, kwa kuwa hutoa usiku joto vilivyolinyonya mchana. Chini ya mti mkubwa kuna kivuli, lakini mizizi ya mti hunyang'anya maji.

Pansi hupenda udongo tifutifu wenye mboji nyingi na uchachu kidogo, wa pH kati ya 5.5 na 6.5. Hapa kuna kosa la kawaida katika bustani za nyumbani: kumwaga majivu ya jikoni kwenye matuta ya maua. Majivu, kama chokaa, hupandisha pH. Mboga nyingi hushukuru, lakini pansi hugeuka njano kwa kukosa chuma, na uozo mweusi wa mizizi hupata nafasi. Samadi mbichi pia huiunguza. Samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa kila mita mbili au tatu za mraba, inatosha kwa msimu mzima.

Miche hupandwa kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20, jioni au siku ya mawingu. Kina kiwe kilekile iliyokuwa nacho kwenye kikopo. Kitovu cha mmea kikifukiwa huoza. Wapandaji wengi huchagua miche yenye maua tayari. Mche mfupi, wenye majani ya kijani kilichoiva na machipukizi mengi bila ua hata moja, ni mzuri zaidi. Ukiwa na ua siku ya kupandwa, ua hilo na matumba yake yakatwe. Inauma kufanya hivyo, ila mizizi hushika haraka na maua yanayofuata huwa mengi.

Kwa wanaopanda katika vyungu, chungu cha udongo wa kufinyanga hushinda cha plastiki cheusi. Sababu yake ni ileile inayofanya maji ya mtungi yawe baridi: maji hupenya ukuta wa chungu, hukauka kwa nje na kuondoka na joto. Chungu cheusi cha plastiki kikipigwa na jua huipika mizizi. Chungu cha udongo hata hivyo hukauka upesi, hivyo humwagiliwa mara nyingi zaidi.

Utunzaji

Umwagiliaji hufanywa asubuhi, kwenye udongo na si juu ya maua, ili majani yawe yamekauka kabla ya usiku. Udongo uwe na unyevu daima bila kutuamisha maji. Matandazo ya nyasi kavu au maganda ya kahawa huhifadhi unyevu na kupooza mizizi. Yasigusane na shina.

Mbolea yenye naitrojeni nyingi, kama urea, huleta majani mengi laini yanayovutia vidukari, na maua machache. Mbolea yenye uwiano, iliyoyeyushwa kwenye maji kwa nguvu ndogo na kutolewa kila baada ya wiki mbili au tatu, hufaa zaidi.

Kazi muhimu kuliko zote ni kuondoa maua yaliyozeeka. Ua likisha kuchavushwa, mmea huanza kutengeneza mbegu, na mmea wenye mbegu umeshatimiza lengo lake la mwaka. Hauna haja ya kuendelea kuchanua. Kila ua linalonyauka likiondolewa kabla halijafanya tunda, mmea hujaribu tena. Lazima kikonyo chote kiondolewe hadi kwenye kwapa la jani, kwa kubana na kucha au kwa mkasi, kwa kuwa anayechuma petali tu huacha tunda changa nyuma na hajafanya lolote. Kwenye tuta la miche 20 kazi hii ni ya dakika tano, mara mbili au tatu kwa wiki. Pansi isiyochumwa huweza kuchoka katika wiki sita, na iliyochumwa huendelea kwa miezi.

Mmea uliorefuka na kulala hukatwa ubaki na kimo cha sentimita 8 hadi 10, hupewa mbolea nyepesi na maji, na baada ya wiki chache huchanua upya iwapo hali ya hewa bado ni ya baridi.

Kuhifadhi mbegu

Anayetaka mbegu huchagua mimea miwili au mitatu bora na kuiacha bila kuchuma. Tunda la pansi ni kavu, lenye sehemu tatu. Likiwa changa huinamia chini. Linapokaribia kuiva huinua kichwa na kusimama wima, na rangi yake hupauka. Hiyo ndiyo siku ya kulichuma. Kesho yake litakuwa limepasuka kuwa vihori vitatu vilivyojaa mbegu. Kuta za vihori hivyo zikikauka hujibana na kuzirusha mbegu mojamoja mbali na mmea mama, kama mtu anavyofyatua mbegu ya chungwa kati ya vidole viwili. Matunda yaliyochumwa kwa wakati yakiwekwa katika bahasha ya karatasi iliyofungwa, mlio wa mbegu zikigonga karatasi husikika.

Kila mbegu ina kijinyama chenye mafuta ambacho sisimizi hukipenda. Huzibeba hadi kwenye viota vyao na kuzisambaza zaidi.

Ikumbukwe kwamba mbegu nyingi zinazouzwa ni chotara wa kizazi cha kwanza. Watoto wa mimea hiyo hawafanani na mzazi: rangi huchanganyika, maua hupungua ukubwa, na baada ya vizazi vichache hurudi kufanana na Viola tricolor ya porini. Baadhi ya wapenda maua hufurahia kuona urejeo huo, lakini anayehitaji tuta la rangi moja hana budi kununua mbegu mpya.

Magonjwa na wadudu

Kwenye kitalu adui mkuu ni kinyausi, ambacho huozesha shingo za miche na kuiangusha kwa makundi. Husababishwa na vimelea vya udongoni vinavyopenda maji mengi na hewa isiyozunguka. Kusia kwa nafasi na kumwagilia kwa kiasi huzuia zaidi kuliko dawa. Bustanini, uozo mweusi wa mizizi huonekana kama njaa: mmea hupauka na kudumaa ingawa umelishwa. Ukiung'oa utaona mizizi myeusi badala ya myeupe. Hakuna tiba. Mmea huchomwa, na mahali hapo hapapandwi tena pansi kwa miaka kadhaa. Hata pasipo ugonjwa unaoonekana, kurudia pansi kwenye tuta lilelile mwaka hadi mwaka huleta uchovu wa udongo unaojulikana sana kwa wakulima wa maua wa Uingereza.

Ubwiri unga, ukungu wa kijivu na madoa ya majani hutokea pia, hasa penye msongamano. Konokono, wenye gamba na wasio na gamba, hula maua usiku na huokotwa kwa taa. Sota hukata miche kwenye usawa wa ardhi. Vidukari huoshwa kwa maji ya sabuni. Utitiri mwekundu huja penye joto na ukavu, na kuonekana kwake kwa kawaida ni dalili kwamba msimu wa pansi umekwisha.

Matumizi

Maua ya pansi huliwa. Hutumiwa kupambia saladi na keki, na ladha yake ni ya majani mabichi, si ya utamu. Yasiliwe maua yaliyonunuliwa dukani kwa ajili ya mapambo, kwa kuwa huenda yamepuliziwa dawa. Mizizi na mbegu hazifai kuliwa. Viola tricolor ina historia ndefu kama dawa ya ngozi huko Ulaya. Wanakemia wamekuta ndani yake protini ndogo za umbo la pete ziitwazo saiklotidi. Kundi hilo la protini lilianza kujulikana kutokana na mmea wa Kongo, Oldenlandia affinis, ambao wanawake walikuwa wakinywa chai yake wakati wa kujifungua. Daktari wa Norwe, Lorents Gran, aliushuhudia huko katika miaka ya 1960.

Kama maua ya kukatwa pansi hazidumu, kwa kuwa vikonyo ni vifupi na petali ni laini. Hudumu zaidi zikikaushwa. Ua lililochumwa asubuhi baada ya umande kukauka huwekwa kati ya karatasi mbili za kunyonya maji ndani ya kitabu kizito, uso ukitazama juu, na baada ya wiki mbili huwa bapa na kavu, rangi ya zambarau na ya njano zikiwa zimebaki karibu kama zilivyokuwa. Nyeupe hugeuka kahawia.